Beni – Bungulu: Rangi ya gato ilitoka wapi? Historia ya sukari iliyotiwa rangi, kutoka Cairo hadi soko la Kilokwa

BUNGULU, mji wa Beni. Keki, au gato kama wanavyosema wengi huku, imekuwa chakula cha kila sherehe: harusi, ubatizo, komunyo ya kwanza, mwanafunzi aliyemaliza chuo, mtoto aliyefikisha mwaka mmoja. Kwa familia nyingi imekuwa pia kazi ya kutafutia mkate. Anayepika anaweza kuwa mzaliwa wa Beni, au mama aliyekimbia Eringeti, Mbau au Watalinga na kuacha shamba la kakao bila mtu wa kulichuma. Asiye na furu hutumia sufuria nzito, mchanga chini yake na makala juu ya kifuniko. Gato inaiva vizuri tu.

Kazi ngumu inaanza baada ya kuiva. Mteja anataka gato ivikwe nguo: ile ngozi laini ya sukari inayokandwa, kusukumwa kama chapati na kulazwa juu ya keki. Walio soma upishi huiita fondanti, wengine pate ya sukari. Na mteja anataka rangi. Bibi harusi anataka rangi ya kitenge chake, mtoto anataka mpira wa buluu, na tarehe 30 Juni kuna anayetaka bendera nzima ya nchi.

Hapo ndipo mpishi anaingia sokoni kutafuta kichupa au kipakiti cha rangi, mara nyingi kwa pesa alizokopa. Kipakiti kingine kina maandishi. Kingine hakina hata herufi moja, ni unga tu ndani ya kaplastiki kaliyofungwa fundo. Kabla ya kukifungua, inafaa kujua jinsi rangi ilivyoingia ndani ya sukari, na gharama waliyolipa watu wa miji mingine kabla ya kujifunza kuuliza.

Maneno yenyewe yanasimulia safari

Sikiliza maneno. "Sukari" imeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, Waarabu waliipata kwa Waajemi, na Waajemi kwa watu wa India. "Rangi" nayo imetoka upande huo huo wa Uajemi na India. "Keki" ni neno la Waingereza lililopitia pwani na Uganda, "gato" limekuja na Wabelgiji. "Fondanti" ni la Kifaransa, limetoka katika kitenzi cha kuyeyuka, kwa sababu sukari hiyo inayeyuka mdomoni. Mpishi wa Bungulu akisema "natia rangi katika fondanti ya gato", ametaja nusu ya dunia kwa pumzi moja.

Muwa wenyewe ulianza kulimwa zamani sana katika kisiwa cha New Guinea, mbali mashariki. Watu wa India ndio waliogundua namna ya kupika maji ya muwa mpaka yawe chembe kavu zinazoweza kubebwa safarini. Kutoka India ujuzi ulifika Uajemi, kisha Waarabu wakaueneza mpaka Misri na kando ya bahari ya Mediterania.

Ni huko Misri, katika bara hili la Afrika, ndiko sukari ilipoonekana kama pambo la sherehe kubwa. Msafiri Mwajemi Nasir Khusraw alikaa Cairo mwishoni mwa miaka ya 1040. Aliandika kwamba katika karamu ya sultani aliona mti kama wa machungwa, wenye matawi, majani na matunda, wote umetengenezwa kwa sukari, pamoja na sanamu ndogondogo nyingi za sukari. Hiyo ni karibu miaka 1,000 iliyopita. Anayedhani kupamba kwa sukari ni jambo la wazungu, jibu analo hapo.

Ulaya walijifunza baadaye. Katika karne ya 16 mafundi wao walikuwa wakichanganya sukari iliyosagwa na gundi ya mti, wakapata donge linaloweza kukandwa na kukatwa. Hiyo ndiyo bibi yake fondanti ya leo. Ile ya kusukuma na kufunika keki nzima, yenye jelatini na glukosi ili isipasuke, imeenea katika karne ya 20.

Weupe uliolipiwa kwa jasho la watu wa Kongo

Kabla ya kufika kwenye rangi, kuna jambo la kukumbuka juu ya weupe. Sukari nyeupe ilikuwa ghali kama dawa. Ili iwe rahisi kwa wanunuzi wa Ulaya, ilihitaji mikono mingi isiyolipwa. Katika karne ya 16 Wareno walikuwa na mashamba makubwa ya miwa katika kisiwa cha São Tomé, mbele ya pwani ya Afrika ya Kati, na watumwa waliofanya kazi huko walitolewa bara, pamoja na ufalme wa Kongo. Baadaye mashamba yakahamia Brazili na visiwa vya Karibi. Huko Saint-Domingue, ambayo leo ni Haiti, watu waliotoka upande wa Kongo walikuwa wengi sana kati ya watumwa walioasi mwaka 1791 na kuvunja minyororo.

Kwa hiyo gato nyeupe ya harusi si mila ya tangu Adamu. Sukari nyeupe kabisa ilikuwa alama ya utajiri. Malkia Victoria wa Uingereza alipoolewa mwaka 1840, keki yake ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 130 na ilifunikwa kwa sukari nyeupe. Watu wa tabaka la kati wakaiga, makoloni yakaiga, na desturi ikafika mpaka kwenye kumbi za Beni na Butembo.

Rangi za zamani zilitoka shambani na jikoni

Kwa muda mrefu aliyetaka rangi alikwenda kwa mimea. Manjano kwa ajili ya njano. Zafarani, ambayo mpaka leo inaipa haluwa ya Oman na ya pwani rangi na harufu yake. Majani mabichi yaliyopondwa kwa kijani. Kwa nyekundu kali, watu wa Meksiko na Peru walikausha mdudu mdogo wa kwenye mti wa kakati, wakamsaga. Rangi hiyo bado inatumika, na kwenye kibandiko inaandikwa karmini au E120.

Kuna pia zingefuri, mbegu nyekundu za mti unaotoka Amerika ya Kusini ambao sasa umeenea katika nchi nyingi za joto, Kongo ikiwa mojawapo. Mbegu hizo zikipashwa ndani ya mafuta hutoa rangi ya chungwa. Kiwandani ndiyo E160b, inayotiwa katika jibini na siagi.

Rangi hizi zina ubaya wake. Ni hafifu, zinapauka juani, nyingine zina ladha. Fundi wa mjini aliyetaka kijani kikali na nyekundu ya kuwaka, tena kwa bei ndogo, alianza kutafuta mahali pengine. Hapo ndipo balaa ilipoingia.

Peremende zilizoua

Mwaka 1820 mtaalamu wa kemia Friedrich Accum, Mjerumani aliyeishi London, alitoa kitabu kilichoonyesha jinsi wafanyabiashara walivyochanganya vyakula na sumu. Peremende za watoto zilikuwamo. Nyekundu yake ilitoka kwenye risasi au zebaki, kijani kwenye shaba. Accum aliwataja wafanyabiashara kwa majina, akajipatia maadui wengi, na haikupita muda akaondoka Uingereza. Miaka ya 1850 daktari Arthur Hill Hassall alirudia kazi hiyo kwa darubini, akakuta mambo ni yale yale.

Halafu yakatokea ya Bradford, mji wa viwanda kaskazini mwa Uingereza. Kisa hiki hakihusu rangi, lakini kila anayenunua unga usio na jina akijue.

Mwaka 1858 sukari ilikuwa bado ghali. Mtengenezaji mmoja wa peremende za mnanaa alizoea kupunguza gharama kwa kuchanganya sukari na unga mweupe wa bei ya chini, kitu kama jasi, ambacho hakina ladha. Ni udanganyifu, ila wengi waliufanya. Mwisho wa Oktoba alituma mtu kwa muuza dawa kununua unga huo. Mwenye duka alikuwa mgonjwa, na kijana wake alichota kutoka pipa ambalo halikuwa na kibandiko kinachosomeka. Ndani ya pipa mlikuwa na aseniki, sumu ya panya. Ilikuwa nyeupe vile vile.

Peremende zilipikwa. Aliyezipika aliugua, lakini hakuna aliyeshuku unga. Muuzaji wa sokoni aliona zina sura tofauti na za siku zote, na alichofanya ni kuomba apunguziwe bei. Akauza. Watu wapatao 20 walikufa, watoto wakiwamo, na zaidi ya 200 wakaugua. Mwanzoni watu walidhani ni kipindupindu.

Angalia ni mara ngapi balaa ingeweza kusimama njiani. Kijana wa duka angeuliza. Mpishi aliyeugua angesimamisha kazi. Muuzaji aliyeona tofauti angekataa mzigo badala ya kuomba punguzo. Kila mmoja aliona kitu, na kila mmoja alifikiria pesa kwanza. Miaka 2 baadaye, mwaka 1860, bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kwanza ya nchi nzima dhidi ya kuchanganya vyakula, na mwaka 1868 ikaja nyingine ya kudhibiti uuzaji wa sumu.

Rangi inatoka kwenye makaa ya mawe

Wakati huo huo kijana wa miaka 18, William Henry Perkin, alikuwa London akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria. Ilikuwa mwaka 1856. Dawa hakuipata. Chomboni alibaki na uchafu mweusi uliotoa rangi nzuri ya zambarau. Kutoka kwenye lami ya makaa ya mawe, wataalamu waliomfuata walipata mamia ya rangi: kali, rahisi, zisizopauka upesi. Zilikuwa za nguo. Haikuchukua muda zikaingia katika chakula.

Marekani ilipitisha sheria ya vyakula na dawa mwaka 1906, na katika rangi hizo zote za viwandani ikapendekeza 7 tu kwa chakula. Hata zilizokubaliwa hazikuwa salama daima. Mwaka 1950 watoto wa huko waliugua baada ya kula peremende za sikukuu zenye rangi ya chungwa iliyokuwa imeruhusiwa, na baadaye rangi hiyo ikaondolewa. Januari 2025 Marekani imeamua kuondoa katika chakula nyekundu iitwayo Red 3, ambayo ilikuwa imekatazwa katika vipodozi tangu mwaka 1990. Viwanda vya chakula vimepewa mpaka Januari 2027.

Ulaya ilianza orodha yake ya rangi mwaka 1962, na kutoka hapo ndipo zilikuja namba zenye herufi E. Mwaka 2007 watafiti wa Southampton walichapisha majaribio yaliyohusu rangi 6 na watoto kukosa utulivu. Rangi hizo ni E102, E104, E110, E122, E124 na E129. Tangu Julai 2010, chakula chenye mojawapo ya hizo kikiuzwa Umoja wa Ulaya lazima kiwe na onyo kwa wazazi. Na E171, ule unga unaofanya fondanti iwe nyeupe pe, ulikatazwa Ufaransa mwaka 2020 na Umoja wa Ulaya wote mwaka 2022, ingawa nchi nyingine bado zinauruhusu. Wapishi wengi hawajui kwamba nyeupe nayo inaweza kuwa rangi ya kutiwa.

Sukari ilivyoifikia Beni

Beni iko karibu na sukari ya Uganda kuliko ya Kinshasa. Kiwanda cha Lugazi kilianzishwa mwaka 1924 na Nanji Kalidas Mehta, cha Kakira mwaka 1930 na Muljibhai Madhvani, wote wawili wenye asili ya India. Idi Amin alipowafukuza Waasia mwaka 1972, viwanda vilidhoofika, mpaka wenyewe waliporudi miaka ya 1980. Upande wa Kongo kulikuwa na kiwanda cha Kwilu-Ngongo, mbali magharibi, na cha Kiliba karibu na Uvira, katika Kivu ya Kusini. Kiliba kilisimama vita vilipoingia mwaka 1996. Mashine zikanyamaza, wafanyakazi wakabaki bila mshahara, na Kivu ikazidi kutegemea malori ya mpakani.

Ujuzi wa kuoka ulikuja kwa njia nyingine. Mapadri wa Assomption walifika upande wa Beni na Lubero mwaka 1929, na misheni zilikuja na mkate na furu zake. Nyanda za juu za Lubero zililimwa ngano. Wapishi wa Kiafrika katika nyumba za masetla walijifunza kuoka gato ambazo wao wenyewe hawakukaribishwa kuzila mezani. Utawala wa Kibelgiji ulifungua pia katika miji ya Kongo vituo vya kufundisha wanawake kushona, kupika na kutunza nyumba, vilivyoitwa "foyer social". Wazee wengine bado wanayo maneno ya wakati huo: furu, krema, gato.

Mobutu alipotangaza mwisho wa mwaka 1973 kwamba biashara za wageni zinapewa wananchi, maduka mengi yaliishiwa bidhaa. Wafanyabiashara wa Butembo walijitafutia njia zao: kwanza Uganda na Kenya, baadaye Dubai, kisha Guangzhou nchini China. Vichupa vya rangi, vyano vya keki na maua ya sukari vimefuata njia hizo hizo. Kontena linashuka Mombasa, linapita Kampala, linavuka Kasindi, na mzigo unagawanywa Beni na Butembo mpaka unafika kwenye meza ndogo za soko la Kilokwa.

Vita, Ebola na kakao iliyobaki porini

Tangu Oktoba 2014 mauaji yamewatoa watu vijijini kuzunguka Beni, na Bungulu ni moja ya tarafa zilizowapokea. Tarehe 1 Agosti 2018 ukatangazwa ugonjwa wa Ebola, uliodumu mpaka 25 Juni 2020. Watu waliacha kupeana mikono. Kulishana gato harusini, bwana na bibi harusi wakiwatilia wazazi kipande mdomoni, kukawa jambo la kuogopesha. Tangu Mei 2021 jimbo liko chini ya utawala wa kijeshi, na tangu Goma ilipoanguka Januari 2025 Beni imekuwa makao ya muda ya jimbo. Watu wameongezeka mjini, kazi hazikuongezeka.

Ndiyo sababu biashara ya gato si mchezo wa watoto. Mtu aliyepoteza shamba anaweza kuanza na sufuria moja. Jambo la kuuma ni kwamba rangi moja bora kabisa ya fondanti inaota hapa hapa: kakao. Beni ni kati ya maeneo makubwa ya kakao katika Kongo. Mwaka 2024 bei ya dunia ilipita dola 10,000 kwa tani, na wakati huo huo wakulima waliuawa au kufukuzwa mashambani. Mbegu zinaondoka katika magunia, unga wa kakao unarudi katika mikebe kutoka nje. Hata hivyo kakao iliyokaangwa vizuri, ikamenywa na kusagwa, inatoa rangi ya kahawia isiyohitaji kichupa chochote. Ina mafuta yake, kwa hiyo hulainisha fondanti, na mpishi huongeza sukari laini kidogo.

Namna ya kutia rangi nyumbani

Fondanti ya nyumbani haina siri. Kijiko kikubwa kimoja cha jelatini kinalowekwa katika robo kikombe cha maji, kinayeyushwa juu ya maji ya moto, kinatiwa nusu kikombe cha glukosi na siagi ya mboga kidogo, kisha kinakandwa na sukari laini karibu kilo moja mpaka donge liache kushika mikono. Sukari isaguliwe ikiwa laini kabisa na kuchujwa kwa kitambaa. Chembe zikibaki, ngozi itapasuka. Waislamu waulize jelatini imetoka kwa mnyama gani, kwa sababu nyingine ni ya nguruwe.

Kanuni ya kwanza: maji ni adui. Rangi ya maji maji hulegeza fondanti, tena hewa ya Beni ina unyevu. Rangi nzito kama gundi, au ya unga, ni bora. Huchukuliwa kwa ncha ya kijiti, kidogo kidogo.

Kanuni ya pili: anza na donge dogo, ulitie rangi kali, halafu ulichanganye na donge jeupe mpaka ufike unapotaka. Aliyetia rangi nyingi katika donge lote hana pa kurudi ila kuongeza sukari.

Kanuni ya tatu: subiri. Rangi huzidi kukolea usiku kucha. Donge lifungwe katika plastiki, liwekwe mbali na jua, kwa sababu waridi na zambarau hupauka upesi.

Tuseme mteja ametaka bendera ya mwaka 2006. Njano ya nyota inapatikana kwa manjano kidogo sana, isizidi ikaleta ladha. Manjano yasikutane na bikaboneti, yatageuka mekundu. Wekundu unatoka kwa beterave: juisi ichujwe, ichemshwe polepole mpaka iwe nzito kama asali, ndipo itiwe. Itatoa waridi nzito zaidi kuliko nyekundu ya damu, na mteja aambiwe mapema. Buluu ya mbingu ndiyo inayosumbua. Shambani haipatikani kirahisi. Juisi ya kabichi ya zambarau hugeuka buluu ikitiwa bikaboneti kidogo tu, lakini kabichi hiyo si ya kila siku sokoni. Wapishi wengi hapo hununua buluu ya dukani, mara nyingi E133, na tone moja linatosha. Katika bendera nyekundu ni damu ya mashujaa, njano ni utajiri wa nchi, na buluu ni amani. Wapishi wa Beni hawahitaji kuelezwa ipi kati ya tatu ni ngumu kupata.

Kabla ya kulipa, soma

Sokoni kuna unga wa kutia rangi nyuzi, mikeka na nguo. Kwa macho haina tofauti na rangi ya chakula, na bei yake ni ndogo. Si ya kula hata ncha ya kijiko. Mfano wa karibu ni Ghana, ambako mwaka 2015 wakaguzi wa serikali walikuta mafuta ya mawese sokoni yametiwa Sudan IV, rangi ya viwandani inayohofiwa kuleta saratani. Wauzaji walitaka tu mafuta yaonekane mekundu zaidi.

Kipakiti cha haki kina mambo manne: neno linalosema ni rangi ya chakula, jina au namba ya E, jina la kiwanda, na tarehe ya mwisho. Ukaguzi wa bidhaa zinazoingia nchini ni kazi ya OCC, ofisi iliyoundwa mwaka 1974, lakini mpaka wa Kasindi ni mrefu na njia za pembeni ni nyingi. Mkaguzi wa mwisho ni mpishi mwenyewe. Rangi ikikosa maandishi, gato iende nyeupe, au ya kahawia ya kakao, au na maua ya njano ya manjano. Mteja anaweza kununa. Kununa kunapita.

Wamama wanaoshirikiana wanaweza pia kununua kichupa kimoja chenye maandishi na kukigawana kwa matone, kuliko kila mmoja kuchukua kapakiti kasikojulikana. Kichupa cha rangi nzito hudumu gato nyingi. Na anayeuza rangi pale Kilokwa akiulizwa kila siku "mama, maandishi yako wapi?", ataanza kuleta yenye maandishi. Mwaka 1858 kule Bradford hakuna aliyeuliza swali hilo.